Somo: Kuiga kwa kompyuta mwendo wa maji katika mashapo ya matabaka yasiyojaa maji

Tuchukue safu yenye kina cha sentimita 200, nusu ya juu ikiwa tifutifu na nusu ya chini mchanga, na vinyweleo vyake vikiwa na maji pamoja na hewa.

Kwanza, kila tabaka lipewe tabia zake kwa fomula ya van Genuchten ya mwaka 1980, inayoonyesha jinsi unyevu na upitishaji wa maji unavyobadilika udongo ukikauka. Wastani wa kila aina ya udongo uliotolewa na watafiti Carsel na Parrish (1988) unaipa tifutifu iliyojaa maji upitishaji wa sentimita 24.96 kwa siku, na mchanga 712.8. Usikimbilie kusema mchanga ndio mwepesi kupitisha maji. Ufyonzaji (nguvu ya udongo usiojaa kuvuta maji, ikipimwa kwa kimo cha maji) ukifika sentimita 100, fomula hiyohiyo inaubakishia mchanga upitishaji wa takriban sentimita 0.000018 tu kwa siku, ilhali tifutifu ina 0.034, karibu mara 2,000 zaidi. Ndiyo maana maji hujikusanya juu ya mpaka, yakingoja ufyonzaji upungue kiasi cha kuyaruhusu kuingia kwenye matundu makubwa ya mchanga.

Pili, panga nodi, yaani vituo ambapo kompyuta hufanya hesabu, kila sentimita 5, lakini karibu na mpaka na karibu na uso wa ardhi zisogeze hadi sentimita 1 au chini ya hapo.

Tatu, hali ya mwanzo ielezwe kwa shinikizo la maji, kwa kuwa shinikizo halikatiki mpakani, ilhali unyevu huruka ghafla. Juu weka mvua na uvukizaji. Chini, ikiwa maji ya ardhini yako mbali, acha maji yatiririke kwa uzito wake. Kisha tatua mlinganyo wa Richards (1931), unaoeleza mwendo wa maji katika udongo usiojaa, kwa programu kama HYDRUS-1D, na ukague mizania ya maji (yaliyoingia yalingane na yaliyotoka pamoja na yaliyobaki) kabla ya kuutazama mchoro wowote.

Maswali ya wanachama

*Swali: Hesabu inakwama mvua ikifika kwenye mchanga mkavu. Nifanyeje?*
Punguza hatua ya muda na uongeze nodi mpakani. Kubadilisha alfa au n, namba za fomula ya van Genuchten zinazoeleza aina ya udongo, ili programu iende tu ni kujidanganya.

*Swali: Je, naweza kuyaunganisha matabaka mawili kwa wastani mmoja?*
Hapana, kizuizi cha mpakani kitatoweka. Kule Hanford, Marekani, ambako matangi 177 ya taka za nyuklia yamezikwa juu ya mashapo ya matabaka, unyevu hutambaa pia kwa upande kufuata matabaka laini, jambo ambalo modeli ya wima pekee haiwezi kulionyesha. Hapo tumia ya pande mbili au tatu.