Namna ya Kusimamia Fedha na Mali za Parokia Katoliki

Anza kwa kujua mipaka yako. Kanuni ya 532 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaja paroko, yaani padre anayeongoza parokia, kuwa ndiye anayeiwakilisha parokia katika mambo yote ya kisheria. Wewe, msimamizi wa fedha na mali, ni msaidizi wake. Kwa hiyo, kabla ya kushika daftari lolote, mwombe paroko akuandikie ni malipo yapi unaweza kuyaidhinisha mwenyewe na yapi ni lazima yafike mezani kwake.

Hatua ya pili ni orodha ya mali. Zunguka sakristia (chumba cha kutunzia vyombo na mavazi ya ibada), nyumba ya mapadre na stoo, ukiandika kila kitu, hali yake na thamani yake. Kanuni ya 1283 inadai nakala moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe jimboni, yaani kwenye ofisi ya askofu.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo moyo wa kazi hii, ni sadaka ya Jumapili. Ihesabiwe siku hiyohiyo na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja, wapokezane zamu na wengine, wote watie sahihi kwenye fomu, na fedha zipelekwe benki zikiwa kamili, bila kuchomoa hata nauli ya fundi. Stakabadhi ya benki ibanwe pamoja na fomu hiyo. Katika kikapu utakutana na bahasha iliyoandikwa kwa mkono, "Misa ya kumwombea marehemu mama." Hiyo usiichanganye na sadaka: inakwenda kwenye daftari maalumu la nia za Misa ambalo kanuni ya 958 inalidai, ikiandikwa nia, kiasi kilichotolewa na, baadaye, tarehe Misa ilipoadhimishwa.

Vivyo hivyo kwa michango yenye lengo. Katika parokia moja niliyofanya kazi, fedha za paa zililipia umeme kwa ahadi kwamba zingerudishwa upesi, na waamini waliochangia walisubiri miezi mingi wakitazama mabati yaleyale yenye kutu. Kanuni ya 1267 haina mlango wa nyuma: kilichotolewa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Tangu hapo kila mchango una ukurasa wake katika leja yangu.

Kamati ya fedha ni lazima katika kila parokia kwa kanuni ya 537, nami nashauri uipelekee hesabu kila mwezi hata kama mapato ni kidogo. Jambo linalovuka utawala wa kawaida, kama vile kuuza kiwanja, linahitaji kwanza kibali cha maandishi cha askofu. Bila hicho ni batili.

Mwisho wa mwaka, andaa taarifa kwa jimbo, kisha nyingine kwa waamini wenyewe, kama kanuni ya 1287 inavyoagiza. Hii ya pili iwe ya ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo bibi aliyetoa sarafu zake atayaelewa, ibandikwe mlangoni mwa kanisa, nawe ubaki pale baada ya Misa ili kujibu maswali.