Somo: Kuanza ajile kwenye timu ndogo ya programu, hatua kwa hatua (maswali yako chini)

Wakuu habari za wikiendi. Kuna watu waliniomba hili somo muda, leo nimepata nafasi. Ajile ni kutengeneza programu kwa vipande vidogo na kumwonyesha mteja mapema, sio kujifungia mpaka mwisho. Nawaambia mapema, sianzi na skramu masta (msimamizi wa skramu, moja ya njia za kufanya ajile) wala vyeti wala Jira (programu ya kupanga kazi). Naanza na ukuta na tepu, na mwenye kutaka cheti atangulie tu.

Kisa kifupi. Tulikuwa watu watano hapa Dar, tunatengeneza mfumo wa mikopo wa saccos moja. Tukaandikiwa mahitaji kurasa arobaini, tukasaini, tukajifungia ndani miezi saba. Siku ya kuonyesha, mama mhasibu akaangalia skrini kama dakika mbili hivi akasema, "Wanangu, sisi rejesho likija pungufu tunakata riba kwanza, hii yenu inakata deni." Dah. Hesabu yote ya mfumo ilikuwa imesimama juu ya hapo. Na lile jambo ungemuuliza wiki ya kwanza angekujibu huku anakunywa chai.

Hatua ya 1: ubao. Piga tepu ukutani safu nne: Inasubiri, Inafanywa, Inakaguliwa, Imeisha. Kila mtu aandike kazi zake kwenye vikaratasi vya kunata, moja moja, abandike, na zile za pembeni ambazo bosi alikutumia WhatsApp usiku nazo uziandike, usifiche. Sisi tulipomaliza kubandika tulikuta watu watano tuna kadi 14 kwenye Inafanywa na kwenye Imeisha hamna kitu. Tukabaki tunaangaliana.

Hatua ya 2: weka kikomo. Hapa ndipo penye dawa yenyewe na ndipo watu wengi wanaparuka. Juu ya Inafanywa andika namba, sisi tuliandika 4, yani pungufu ya idadi yetu makusudi. Zikifika nne hakuna kuvuta kadi mpya, ukiwa huna kazi nenda kamsaidie mwenzio kumaliza yake. Wazo limetokana na kanbani, ile mbinu ya kuongoza kazi kwa kadi ya viwanda vya Toyota, halijazaliwa kwenye kompyuta. Wiki ya kwanza inakera sana, devu (mtengeneza programu) amekaa mikono mitupu anaona kama anaiba mshahara. Ila sisi kuna kadi ya "mwanachama alipe rejesho kwa simu" ilikuwa imeganda siku 11, inasubiri akaunti ya majaribio kutoka kampuni ya simu, na hakuna aliyekuwa anafuatilia kwa sababu kila mtu alikuwa na kitu kingine cha kushika. Kikomo kilipojaa mmoja wetu akanyanyuka akaenda ofisini kwao mwenyewe, akarudi nayo mchana.

Hatua ya 3: kubalianeni "imeisha" maana yake nini. Sio "kwangu inafanya kazi". Sisi: mwingine ameikagua, testi zimepita, iko kwenye seva ya majaribio na mteja anaweza kuibonyeza. Andikeni mbandike ukutani hapo hapo.

Hatua ya 4: sprinti, yani kipindi kifupi cha kazi chenye urefu maalum. Mwongozo wa Skramu unasema mwezi mmoja au pungufu, mimi nashauri wiki mbili. Mteja ndiye anapanga kipi kitangulie, nyie mnasema kiasi gani kitaingia. Mwisho wa wiki mbili mwonyeshe programu inayotembea, slaidi hapana, na kompyuta mpe yeye ashike nyie mkae kimya.

Hatua ya 5: kila siku dakika 15 mbele ya ubao, anzeni na kadi zilizo karibu na Imeisha. Na kila mwisho wa sprinti kaeni mjiulize nini kimetukwamisha, mchague kitu kimoja tu cha kurekebisha. Mkichagua vitano hamtafanya hata kimoja, nishaona.

MASWALI

Swali: Mkuu, huku kwetu tenda inataka bei na tarehe kabla ya kuanza, ajile inaingiaje?
Jibu: Bei na tarehe viache vilivyo, kinachocheza ni orodha ya kazi. Mpe mteja aipange kwa umuhimu, na kwenye mkataba malipo yafuate vipande vinavyofanya kazi. Akiongeza kitu katikati, sawa, atoe kingine chenye ukubwa huo huo.

Swali: Kwani si walisema ajile hamna kuandika nyaraka?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Wale watu 17 waliokutana Snowbird kule Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika tamko la ajile walisema wanathamini zaidi programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi, na wakaongeza kwamba hizo nyaraka nazo zina thamani. Wavivu walisoma nusu.

Swali: Kikao chetu cha asubuhi kinachukua dakika 45, bosi anamhoji mmoja mmoja kama polisi. Msaada tafadhali dada.
Jibu: Pole mdogo wangu. Acheni kuzunguka mtu kwa mtu, zungukeni kadi kwa kadi, swali liwe "hii inahitaji nini ifike Imeisha". Bosi mkaribishe siku ya maonyesho, akishaona kitu kinatembea kila wiki mbili presha inampungua.

Swali: Wanalinganisha pointi za timu yetu na timu B, wanasema sisi wavivu.
Jibu: Pointi ni makadirio ya ukubwa wa kazi ya timu yenyewe, 8 yenu sio 8 yao. Na huo mwongozo wa Skramu wa 2020 haujataja pointi popote, waonyeshe.

Swali: Tuko wawili, mmoja Mwanza mmoja Arusha, ukuta tunatoa wapi?
Jibu: Trello (ubao wa kadi wa mtandaoni) inatosha, safu zile zile, kikomo kiwe 2, mpigiane asubuhi. Skramu masta hamhitaji.

Swali: Tepu gani hiyo?
Jibu: Ile ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Ya plastiki inabandua rangi, sisi mwenye nyumba alitudai.