Somo: Kupima jinsi kolesteroli inavyoibana fosfolipidi juu ya maji

Zikitandazwa pamoja juu ya maji, fosfolipidi (mafuta yanayojenga utando wa seli) na kolesteroli huchukua eneo dogo kuliko jumla ya maeneo ambayo kila moja ingechukua peke yake. Mwanafiziolojia Leathes aliliona hili katika miaka ya 1920. Kulipima si kazi. Kazi ni usafi.

Hatua ya 1. Safisha beseni la Langmuir (beseni la kina kifupi lenye vizuizi vinavyosogea juu ya maji na kupima kanieneo ya uso, yaani msukumo wa filamu iliyo juu ya maji) kwa klorofomu, jaza maji safi kabisa, kisha sogeza vizuizi mpaka mwisho kabla ya kuweka chochote. Kanieneo ya uso ikipanda, maji ni machafu. Mwaga, anza upya.

Hatua ya 2. Yeyusha POPC (fosfolipidi yetu) na kolesteroli kwenye klorofomu, chupa tofauti. Changanya kwa idadi ya molekuli, si kwa uzito! Molekuli ya POPC ina uzito wa 760, ya kolesteroli 387, hivyo gramu kwa gramu kolesteroli ina molekuli karibu mara mbili.

Hatua ya 3. Dondosha mikrolita chache, subiri dakika 10 hadi 15 klorofomu iruke.

Hatua ya 4. Bana polepole, halijoto ikiwa ileile. Soma eneo penye milinyutoni 30 kwa mita, karibu na hali ya utando wa seli.

Hatua ya 5. Tuseme POPC pekee imetoa nanomita za mraba 0.65 kwa molekuli, kolesteroli 0.38. Kwa mchanganyiko wenye kolesteroli 30%, hesabu tupu (0.7 × 0.65 + 0.3 × 0.38) inadai 0.57. Kipimo kikiwa chini ya hapo, tofauti hiyo ndiyo mbano wenyewe.

Chanzo chake ni pete za kolesteroli: bapa, ngumu, hazipindi. Minyororo ya mafuta iliyo jirani nazo hulazimika kunyooka, na mnyororo ulionyooka hula nafasi ndogo.

MASWALI

— Mwalimu, nimetumia DPPC (fosfolipidi nyingine, isiyo na kifungo maradufu), tofauti haionekani kabisa. Nimekosea wapi?

— Hujakosea. Katika joto la kawaida la chumba, penye 30, minyororo ya DPPC imeshanyooka. Hakuna cha kubana. Soma penye kanieneo ya chini, kabla mchoro wa kanieneo dhidi ya eneo haujafika sehemu tambarare. Utaona pia kolesteroli ikiongezwa, utambarare huo unafutika.

— Naweza kuacha filamu usiku kucha nipime asubuhi?

— Ya POPC, usithubutu. Ina kifungo maradufu, hewa itaioksidisha, na asubuhi utapima kitu kingine.