Pima mzigo wa mkondo kwa barafu, chungwa na saa

Mvuvi anaujua mkondo kwa mkono: mshipi unavutwa upande, mashua inayumba kwenye nanga. Ila maji yakienda hayaendi matupu, yana chumvi na joto ndani yake. Hivi ndivyo ninavyowaonyesha wanafunzi wangu.

Hatua ya 1. Usiku wa kuamkia somo, changanya maji na rangi ya chakula ya bluu, mimina kwenye vikopo viwili vya mtindi vinavyolingana, gandisha.

Hatua ya 2. Chukua majagi mawili ya kioo, kila moja lita moja ya maji ya bomba. Katika moja koroga gramu 35 za chumvi, yaani vijiko sita hivi vya chai. Hicho ndicho kiwango cha bahari, takriban. Sasa subiri saa moja maji yatulie. Mara ya kwanza sikusubiri. Darasa zima likaona supu ya bluu.

Hatua ya 3. Tumbukiza barafu taratibu, kisha uliza: ipi itaisha kwanza? Wengi watasema ya maji chumvi. Tazameni. Kwenye maji ya bomba, nyuzi za bluu zinateremka hadi chini na maji ya vuguvugu yanapanda kuchukua nafasi yake, kwa hiyo barafu inaisha haraka. Kwenye maji chumvi bluu inabaki juu kama shuka, na barafu inakaa ndani ya ubaridi wake yenyewe.

Sababu ni uzito. Maji ya nyuzijoto 28 yakipoa hadi karibu na sifuri, lita moja inaongezeka kama gramu 4 tu. Chumvi ya bahari inaongeza gramu 26 hivi. Ndani ya jagi chumvi inashinda kwa mbali. Baharini tofauti za chumvi ni ndogo zaidi, kwa hiyo baridi nayo inapata nguvu. Huko Atlantiki ya kaskazini, karibu na Greenland, maji yaliyotoka kusini na chumvi yake hupoa, huwa mazito, huzama, kisha hurudi kusini yakipita kilindini.

Hatua ya 4. Nendeni baharini, kila mtu na jaketi okozi. Tieni nanga, dondosheni chungwa omoni, yaani mbele ya mashua, na muhesabu sekunde hadi lifike tezi, yaani nyuma. Kwa nini chungwa? Kwa sababu linaelea likiwa karibu lote majini. Chupa tupu itakupimia upepo. Mashua ya mita 8, sekunde 16: nusu mita kwa sekunde.

Usipime mara moja ukaondoka. Pima maji yakijaa, pima yakipwa, maana karibu na ufuko unachokipata mara nyingi ni maji kujaa na kupwa. Mkondo mkubwa wa pwani yetu uko nje ya miamba, unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi huuongezea kasi. Wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia unaoteremka kusini, kwenye bahari ya kaskazini mwa Kenya, na maji yote hugeuka kuelekea bahari kuu.

Hatua ya 5. Piga hesabu. Fikiria dirisha la mita moja kwa mita moja limesimama majini. Kwa kasi ya nusu mita, kila sekunde hupita nusu mita ya ujazo: zaidi ya kilo 500 za maji, na ndani yake kilo 18 za chumvi. Joto je? Maji hayo yakipoa nyuzi moja tu huko yaendako, hutoa jouli milioni 2. Kwa lugha ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, hiyo ni zaidi ya nusu uniti, kila sekunde, kwa dirisha moja.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mita ya kwao ingehimili. Tukapiga hesabu ubaoni: isingehimili.