Kudhibiti Joto na Mwanga katika Kitalu cha Ndani

Mwongozo huu ni kwa mkulima wa mkoa wa Mtwara anayesia pilipili hoho au papai ndani ya chumba kwa kutumia mkeka wa joto, themostati (kifaa kinachowasha na kuzima mkeka kulingana na joto), taa za LED na taima. Mbegu za mazao haya mawili huota vizuri udongo unapokuwa na nyuzi joto 25 hadi 30. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, usiku wa Newala na kwingineko juu ya uwanda wa Makonde huwa na baridi inayochelewesha papai hadi baadhi ya mbegu huoza kabla ya kuota. Mtwara mjini, karibu na bahari, shida kubwa huja Novemba, chumba cha paa la bati kinapopata joto kupita kiasi.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua. Weka trei yenye udongo uliolowa mahali patakapokaa miche, kisha pima joto la udongo saa 12 asubuhi na saa 8 mchana kwa siku chache. Usitegemee kipimo cha hewa, kwa sababu maji yanapokauka hupoza udongo, na mbegu huishi katika udongo huo. Ikiwa kipimo cha asubuhi hakishuki chini ya 24, mkeka wa joto hauhitajiki, na fedha hiyo ni bora iende kwenye taa.

Hatua ya pili: hakiki themostati, kisha iweke. Ponda barafu isiyo na chumvi, jaza kikombe, ongeza maji kidogo tu, koroga, halafu tumbukiza kihisi cha themostati, yaani ncha ya waya wake inayopima joto, kwa dakika kadhaa. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 2, basi kumbuka kwamba kila kipimo chake kinazidi kwa takriban nyuzi 2, na urekebishe ipasavyo.

Kihisi kizikwe katikati ya trei, kwenye kina kilekile cha mbegu, na waya wake ufungwe imara kwenye ukingo. Kikichomoka na kubaki hewani usiku wa baridi, themostati itadhani udongo bado haujapata joto, mkeka utaendelea kuwaka bila kukatika, na kufikia asubuhi mbegu zitakuwa zimeungua. Ipange themostati kwenye 28, na chini ya mkeka tandika kipande cha boksi jepesi la kuhifadhia samaki na barafu, ili joto lisipotelee kwenye sakafu ya saruji. Soketi zote ziwe juu kuliko trei, na kila waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yatakayoufuata yadondoke hapo na yasiingie ndani.

Hatua ya tatu: mbegu zikichomoza, punguza joto na ongeza mwanga siku hiyohiyo. Hapa ndipo miche mingi ya ndani huharibika. Joto humhimiza mche kurefuka, na mwanga ndio unaompa chakula cha kujenga shina. Palipo na joto jingi na mwanga haba, mche hurefuka, hupauka na kulala. Sehemu kubwa ya mbegu za trei zikishachomoza, zima mkeka, au uushushe hadi 22 ikiwa usiku ni wa baridi kweli, kisha teremsha taa nyeupe za mirija ya LED hadi sentimita 15 juu ya majani. Taa ipandishwe kadiri miche inavyokua. Majani yakijikunja kingo au kupauka upande wa juu, taa iko karibu mno.

Hatua ya nne: washa taa usiku. Miche inatosheka na saa 14 hadi 16 za mwanga, na haidai kwamba saa hizo ziwe za mchana. Ukipanga taima iwashe saa 12 jioni na kuzima saa 2 asubuhi, wakati wa Novemba joto la taa halitaongezwa juu ya joto la bati, na wakati wa kusi joto hilohilo litakusaidia usiku. Funga madirisha kwa kitambaa kizito mchana, lakini acha matundu ya hewa. Taima ya kuzungusha husimama umeme unapokatika, kwa hiyo saa zake husogea. Ile ya tarakimu yenye betri ni bora zaidi.

Mwagilia kutokea chini, na pangaboi dogo lipulize hewa taratibu. Udongo uliolowa muda wote, wenye joto na hewa iliyotulia, huleta kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche, na shina likishanywea usawa wa udongo mche huo hauponi.

Hatua ya tano: zoesha miche na jua. Tenga siku 7 hadi 10. Anza na saa moja ya jua la asubuhi chini ya kivuli cha makuti, kisha ongeza kila siku. Kuweni waangalifu zaidi kuelekea mwisho wa Oktoba na katika nusu ya pili ya Februari, kwa kuwa nyakati hizo jua la adhuhuri hupita karibu wima juu ya Mtwara, na mche uliozoea taa pekee huungua majani kwa mchana mmoja.