SOMO: Kuchagua maktaba ya madirisha na vitufe kwa programu za C

Wakuu, kabla hujapakua chochote, ulizia kwanza kompyuta ya mteja ikoje. Mwenye duka la mchele pale Mwanjelwa ataifungulia programu yako kwenye mashine yake kuukuu ya Windows, siyo kwenye laptopu yako.

1. Mteja anatumia Windows: chukua IUP. Ilitengenezwa PUC-Rio, Brazil, na leseni yake ni MIT, yaani unaitumia bure hata kwa programu ya kuuza. Inatumia vitufe vya Windows yenyewe, kwa hiyo programu inabaki nyepesi. GTK 4 nayo inakubali Windows kupitia MSYS2 (mkusanyiko wa zana za kujengea programu kwenye Windows), ila utabeba lundo la faili za DLL, yaani vipande vya maktaba, pamoja na .exe. Ikikosekana moja, programu haifunguki.

2. Anatumia Linux: GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, nayo imeandikwa kwa C. Qt ni ya C++, tuiache. Kwenye Ubuntu:

sudo apt install build-essential pkg-config libgtk-4-dev
gcc duka.c -o duka $(pkg-config --cflags --libs gtk4)

Hapo duka.c lazima itangulie. Ukitanguliza pkg-config utapigwa "undefined reference" hata kama kodi yako haina kosa, kwa sababu kiunganishi (linker) cha Ubuntu kinaiacha maktaba ambayo hadi hapo haijahitajiwa na faili yoyote.

3. Nuklear ni faili moja tu la .h. Inafaa gemu na vifaa vidogo. Kwa fomu za mauzo itakuchosha.

MASWALI

Mdau wa Uyole: Mkuu, gtk_widget_show_all inakataa.

Jibu: Hilo somo unalofuata ni la GTK 3. Kwenye 4 imeondolewa, tumia gtk_window_present. Na gtk_container_add imekwenda nayo: kwa dirisha weka gtk_window_set_child, kwa boksi gtk_box_append.

Mdau wa Tukuyu: Nikisoma uzito kutoka kwenye mzani, dirisha linaganda.

Jibu: Usomaji unazuia kitanzi kikuu (main loop), kile kinachochora dirisha na kupokea mibofyo. Uhamishie kwenye uzi (thread) wake, lakini uzi huo usiguse kitufe wala lebo, programu itaanguka ovyo. Peleka uzito kwa g_idle_add, inayoita funksheni yako ndani ya kitanzi kikuu, na funksheni hiyo irudishe G_SOURCE_REMOVE, la sivyo itaitwa mfululizo na prosesa itachemka.

Mdau wa Mafinga: Kompyuta ya zamani, dirisha linatoka jeusi.

Jibu: Mara nyingi ni OpenGL, njia ya kuchorea kwa kadi ya picha. Jaribu GSK_RENDERER=cairo ./duka. Likionekana vizuri, weka mpangilio huo kwenye ikoni ya mteja.