Kuandaa Vifaa vya Pilates kwa Mtu Mwenye Ugumu wa Kujongea

Mtu anayetumia kitimwendo, au anayetembea kwa shida baada ya kiharusi, anapoingia katika ukumbi wa Pilates, jambo linalomkwamisha mwanzo si zoezi bali ni namna ya kukifikia kifaa chenyewe. Rifoma, mashine inayojulikana kuliko zote, ni fremu ndefu iliyobeba kigari kinachoteleza juu ya reli na kuvutwa na springi, na hii ina maana kwamba pale anapotakiwa kukaa ndipo hasa panapoweza kumponyoka. Wakufunzi wengi hujitahidi kumtafutia mazoezi mepesi kabla ya kujiuliza atapandaje, na hata wale wanaojiuliza hilo husahau mara nyingi kuuliza atashukaje wakati misuli yake imekwisha kuchoka. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuhama kutoka kiti hadi kifaa, na marekebisho ya mikono, miguu na springi yanafuata baadaye.

Joseph Pilates, mwanzilishi wa mazoezi haya, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1883, alizuiliwa kambini na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui. Simulizi inayorudiwa mara nyingi husema kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili waweze kujinyoosha wakiwa wamelala. Hata tukiichukua kuwa simulizi tu, meza iitwayo Cadillac bado inafanana sana na kitanda cha hospitali kilichosimamishiwa fremu ya chuma, na ufanano huo unatufaa hapa, kwa sababu kitanda hakitelezi.

Chagua kifaa kabla ya kukirekebisha

Kwa mtu asiyeweza kusimama, ni vyema kuanza na Cadillac au na springi za ukutani, kisha rifoma ije baadaye iwapo kuna haja. Meza ya Cadillac ni pana kuliko kigari cha rifoma, imetulia, na nguzo zake humpa mtu mahali pa kushika anapogeuka au kujiinua. Kasoro yake ni kimo, kwani kwa kawaida huwa juu zaidi ya kiti cha kitimwendo, na kupanda kwa kuteleza kuelekea juu ni kazi nzito. Ukumbi wenye meza ya tiba inayopandishwa na kushushwa kwa umeme unaweza kuiweka kando ya springi za ukutani na kupata karibu manufaa yote ya Cadillac bila tatizo hilo.

Springi za ukutani ndizo ninazozipendekeza kwa ukumbi wenye bajeti ya kifaa kimoja tu. Ubao wenye pete za kufungia katika vimo mbalimbali hukazwa kwenye ukuta imara, na mtu hufanya mazoezi ya mikono, mabega na kiwiliwili akiwa amekaa katika kiti chake mwenyewe, ambacho kimekwisha kupimwa kulingana na mwili wake. Hapa kifaa ndicho kinachomfuata mtu. Yapo mazoezi yanayohitaji alale, na hayo yasikosekane kwa uvivu wa mkufunzi, lakini si lazima kila kipindi kianze kwa kumhamisha.

Kiti cha Pilates chenye kanyagio la springi kinamfaa zaidi mtu anayeweza kusimama ila hupata taabu kuinuka kutoka mahali pa chini, kwa kuwa kimo chake kirefu humpunguzia safari ya kuinuka. Hata hivyo hakina kiegemeo cha mgongo na sehemu ya kukalia ni nyembamba, kwa hiyo asiye na uthabiti wa kiwiliwili asikikalie bila nguzo za mikono pande zote mbili na mtu wa kumlinda nyuma.

Nafasi na kimo

Kanuni za Marekani kuhusu majengo yanayofikika zinatoa vipimo vinavyofaa kuwa mwanzo wa kazi popote pale: eneo tupu la sentimita 76 kwa 122 kando ya mashine ili kitimwendo kisimame, duara la kipenyo cha takriban sentimita 152 la kugeukia, na kimo cha kati ya sentimita 43 na 48.5 kwa kiti au benchi la kuhamia. Chora mipaka ya eneo hilo sakafuni kwa utepe, la sivyo litajaa mipira na mikeka kabla ya wiki kwisha. Zulia lililolegea liondolewe kabisa.

Kimo cha kiti kipimwe mtu akiwa amekikalia. Mto wa kitimwendo hubonyea, na tofauti ya sentimita chache inatosha kugeuza safari ya tambarare kuwa ya mlima. Baada ya hapo linganisha kipimo hicho na uso wa kigari, ambacho katika rifoma nyingi zisizo na miguu kiko chini mno. Njia salama ya kuinyanyua ni kutumia miguu iliyotengenezwa na kampuni ile ile iliyounda mashine, au jukwaa pana lililokazwa kwa skrubu. Matofali na vipande vya mbao vilivyopangwa tu visitumike hata kwa siku moja, kwa sababu springi zinapovuta, fremu nzima hutikisika. Miguu mirefu ina faida nyingine ambayo huonekana pale tu inapokosekana: mashine ya kumnyanyulia mtu ina miguu inayopaswa kuingia chini ya kitanda, na rifoma iliyolala sakafuni haiiachii nafasi.

Kupanda na kushuka

Jambo la kwanza ni kukifunga kigari. Wakufunzi wengi huamini kwamba kufunga springi zote kunatosha, na kweli springi zote hukifanya kigari kiwe kizito kusukumwa, lakini kizito si sawa na kilichofungwa. Mtu anapokikalia kwa pembeni na kujisukuma kwa mkono, nguvu yake inaweza kukisogeza sentimita chache, na sentimita hizo zikitokea wakati nusu ya uzito wake iko hewani huwa nyingi. Funga springi zote, kisha ongeza pini, kizuizi cha reli, au mkanda imara unaokifunga kigari kwenye fremu. Halafu jaribu wewe mwenyewe: kaa, egemea, jisukume kwa nguvu kuelekea pande zote. Kikisogea, hakijafungwa.

Ondoa kila kinachoweza kunasa nguo au ngozi. Vizuizi vya mabega ving'olewe ikiwa vinang'oleka, upau wa kukanyagia ushushwe, na kamba zitundikwe mbali. Kitimwendo kisogezwe kando ya kigari kwa mwinamo mdogo badala ya kukaa sambamba kabisa, breki zikazwe, pedali za miguu zigeuzwe pembeni, na kiegemeo cha mkono cha upande wa rifoma kiondolewe. Ubao wa kuhamia huwekwa sehemu yake moja chini ya paja na nyingine juu ya kigari. Hakikisha kwamba umevuka ukingo wa fremu ya rifoma, maana katika mashine nyingi ukingo huo umeinuka, na ubao mfupi huishia juu yake kisha hupinduka.

Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kawaida huhama kwa urahisi zaidi akitangulia na upande wenye nguvu. Hapa kuna mtego unaopuuzwa. Ikiwa alipanda akitangulia na mkono wa kulia ulio mzima, kisha kiti kikaachwa pale pale, basi atashuka akitangulia na ule wa kushoto uliolegea, tena akiwa amechoka. Kiti kizungushwe hadi upande wa pili wa mashine wakati yeye anafanya mazoezi, na hii inamaanisha kwamba eneo tupu linahitajika pande zote mbili, hivyo rifoma isibanwe ukutani.

Msaidizi asimvute mtu kwa mkono wala kumshika kwapani. Bega la upande uliopooza hukosa misuli ya kulishikilia na ni rahisi kuteguka, kwa hiyo mshiko uwe kwenye mkanda mpana wa kiunoni. Kabla ya kumgusa, muulize anahamaje nyumbani kwake kutoka kitandani. Amefanya safari hiyo mara nyingi kuliko mkufunzi yeyote, na mara nyingi jibu lake hubadilisha mpango wote uliokuwa umeuandaa. Ikiwa uzito wake unazidi uwezo wa msaidizi mmoja, subirini wa pili, au mfanye kazi siku hiyo kwenye springi za ukutani.

Mikono na miguu

Vishikio vya kawaida hudai vidole vinavyofumba. Kwa asiye na mshiko wa kutosha, kishikio kinaweza kunenepeshwa kwa bomba la sponji, na kwa asiye na mshiko kabisa, mkanda mpana wenye velkro hufungwa kwenye kifundo cha mkono kisha kuunganishwa na springi kwa pete, ili nguvu ipite kwenye mfupa wa mkono badala ya vidole. Mkanda huo uwe na bitana laini, na usikazwe kiasi cha kuzuia damu. Zipo pia glavu za kufunga vidole kwenye kishikio. Zinasaidia, ila mtumiaji hawezi kujifungua peke yake kwa haraka, hivyo mkufunzi asiondoke ubavuni mwake.

Upande wa miguu, unyayo ukikaa juu ya upau wa kukanyagia kwa sehemu ya mbele tu, misuli iliyokakamaa kutokana na maradhi ya ubongo au uti wa mgongo inaweza kuanza kutetemeka mfululizo bila hiari. Weka kisigino kwenye upau, au badilisha upau kwa ubao bapa unaoushika unyayo wote, na ufunge mguu kwa mkanda usiteleze. Kama tetemeko limeanza, usimame hapo hapo na ulisubiri litulie, wala usilishindanishe na springi.

Mahali pasipo na hisia hapalalamiki. Ngozi ya makalio, visigino na nyonga inaweza kuumia juu ya ukingo mgumu bila mwenyewe kujua, kwa hiyo weka pedi nene, usimwache katika mkao mmoja muda mrefu, na usimburute juu ya ubao akiwa na ngozi tupu. Baada ya kipindi yeye au msaidizi wake aitazame ngozi, na wekundu usiofifia upewe uzito. Desturi ya kufanya Pilates bila viatu haina ulazima kwa mtu asiyehisi nyayo zake.

Springi

Watu hudhani kwamba springi nyepesi ni sawa na zoezi jepesi. Katika kusukuma upau kwa miguu hilo ni kweli, lakini katika mazoezi ambayo kigari lazima kidhibitiwe, springi nzito hutoa utulivu na nyepesi humwacha mtu akipambana na kigari kinachoyumba. Kwa mguu dhaifu, springi iliyofungwa juu katika Cadillac hubeba sehemu ya uzito wa mguu, na misuli ambayo isingeweza kuuinua hupata nafasi ya kuuongoza. Kwa misuli inayokakamaa, mwendo uwe wa polepole na usiokatika, kwa sababu mvuto wa ghafla ndio unaoichokoza.

Anayevuta springi za ukutani kutoka kwenye kitimwendo naye huvutwa kuelekea ukutani. Kaza breki, weka vigingi kwenye magurudumu, na uhakikishe kwamba kiti hakipinduki anapoegemea au anapogeukia upande mwingine. Mwanzo tumia springi moja tu. Kishikio kisiachiliwe ghafla hata kidogo. Rangi za springi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hivyo bandika kwenye kila moja namba kubwa zinazosomeka na kupapasika. Springi yenye kutu, iliyopinda au yenye mwanya kati ya mizunguko itupwe, na watengenezaji wengi hushauri zote zibadilishwe takriban kila baada ya miaka 2.

Pale ambapo mashine haitoshi kuwa salama

Kabla ya kipindi cha kwanza, pata ushauri wa daktari au wa mtaalamu wa fiziotherapia anayemhudumia mtu huyo. Mwenye mifupa iliyodhoofika asikunjwe mgongo mbele akiwa na mzigo, jambo ambalo linafuta mazoezi mengi maarufu ya Pilates, na aliyewekewa nyonga bandia hupewa na daktari mipaka ya kukunja na kuvukisha mguu, ambayo kimo cha kiti kinaweza kuivunja bila kukusudia. Mwenye kupungukiwa na shinikizo la damu anapoinuka aketi kwanza kwa dakika chache kabla ya kushuka.

Aliyeumia uti wa mgongo katika usawa wa pingili ya 6 ya kifuani au juu zaidi ana hatari mahsusi: shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla kwa sababu ya kitu kidogo kama kibofu kilichojaa, mrija wa mkojo uliokunjwa au mkanda uliobana. Dalili ni kichwa kugonga kwa maumivu, uso kuwa mwekundu na jasho kwenye sehemu za mwili zilizo juu ya usawa wa jeraha. Mkalishe wima mara moja, legeza kila kilichobana, kagua mrija, na ikiwa hali haitulii haraka itisha huduma ya dharura. Usimlaze kamwe, ingawa ndivyo mkono wa mkufunzi wa Pilates ungependa kufanya.

Mwisho wa kipindi, andika katika kadi moja kimo cha jukwaa, upande wa kupandia na wa kushukia, aina ya mkanda na urefu wa kamba, springi zilizotumika, na mahali pedi zilipowekwa. Kadi hiyo ikae pamoja na mashine, ili mkufunzi mwingine atakayempokea siku nyingine asimlazimishe kueleza mwili wake upya.